Mtalaka wangu kawaandika watoto wote wawili kwenye kodi yake

SWALI

Shikamoo anti,

Naishi Houston, Texas, mwaka wa tisa sasa. Mimi na baba watoto wangu tulitengana 2023 na talaka ya mahakama ikatoka Mei 2024. Tuna wawili, wa kiume ana miaka tisa, wa kike sita, wote wamezaliwa hapa hapa.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku nne kwa wiki. Jumatano na Alhamisi mdogo wangu anakuja kulala kwangu na watoto. Ijumaa na Jumamosi wanakwenda kwa baba yao, nawachukua Jumapili mchana. Siku nyingine zote nalala nao mwenyewe. Mwaka jana mama yangu alifanyiwa upasuaji Tanga, nikaenda kumuuguza wiki tano, muda huo wote walikuwa kwa baba yao.

Februari hii nimefaili kodi ya 2025 kwa programu ya simu. Kesho yake imerudishwa, wameandika kwamba namba za watoto zimeshatumika kwenye ritani nyingine, yaani fomu ya kodi ya mwaka ya mtu mwingine. Nikampigia. Akaniambia: "Watoto ni wa baba, na matunzo nalipa mimi. Halafu wewe usiku uko kazini, wanalelewa na mdogo wako. Unadai nini?" Nilipong'ang'ania, akanitumia fomu kwa WhatsApp, namba 8332, imeshajazwa na ndugu mmoja anayewatengenezea watu kodi sebuleni kwake. Anataka nisaini tu yaishe. Ziko mbili, moja ya kila mtoto, na zote zimejazwa sehemu ya pili, ile ya miaka yote ijayo.

Hukumu yetu ya talaka inasema baba ataandika mtoto wa kiume kwenye kodi na mimi wa kike, ilimradi yeye hadaiwi matunzo ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Matunzo analipa, ila kuna miezi aliyoruka na sijui kama alimalizia.

Ritani ya 2024 pia aliandika wote wawili. Nilinyamaza, nikafaili kama mtu asiye na watoto, kwa sababu sikutaka ugomvi.

Wazee wa jumuiya yetu wananiambia nimwachie, kwamba nikifaili tena nitakuwa nimemshtaki baba wa watoto wangu serikalini, na yeye anasubiri uraia. Anti, atafungwa? Nisaini? Kipato changu ni kama dola 38,000 kwa mwaka na kodi ya nyumba nalipa peke yangu.

Halafu jambo dogo: huyo ndugu anayetengeneza kodi ameniambia eti kama nimewakosa watoto nimwandike mama aliyeko Tanga, kwa kuwa namtumia dola 300 kila mwezi. Inawezekana?

Mama wa wawili, Houston

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole na kumuuguza mama, natumaini ameshasimama.

Hizo fomu mbili usizisaini jinsi zilivyokuja. Ukisaini sehemu ya pili umeachia haki ya kuwaandika watoto wako mpaka wakue, kwa karatasi uliyotumiwa kwa simu wakati umekasirika. Kuna fomu moja ambayo huenda ikakulazimu kusaini, na nitaifikia. Kwanza tuhesabu usiku.

Sheria ya kodi ya Marekani inauliza jambo moja kwa wazazi walioachana: mwaka ule, mtoto alilala kwa nani usiku mwingi zaidi? Huyo ndiye IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayemhesabu kuwa mzazi anayeishi na mtoto, hata kama hukumu ya talaka imewaita nyote wawili walezi sawa. Wakilingana kabisa kwa usiku, anachukua mwenye kipato kikubwa zaidi. Basi. Ukoo haumo, na anayelipa matunzo hatajwi.

Chukua kalenda ya 2025. Wiki tano ulizokuwa Tanga ni usiku 35, zote za baba yao. Zinabaki wiki 47, na kila wiki Ijumaa na Jumamosi ni zake, kwa hiyo 94. Jumla yake ni 129 kati ya 365. Zako ni 236. Hata kama mlibadilishana wikiendi kadhaa au alikaa nao sikukuu, hawezi kukaribia nusu.

Lile la kwamba usiku uko kazini, mwambie usiku unahesabiwa kwa nyumba. Mtoto akilala nyumbani kwako, usiku huo ni wako, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa upande wa pili wa mji unageuza wagonjwa kitandani. Mdogo wako akilala nao Jumatano hauchukui usiku huo, na baba watoto ndiyo kabisa. Na kwa kuwa nusu ya wasomaji wangu wa Houston, Columbus na Minneapolis wako zamu ya usiku, niongeze hapa: iko kanuni ya mzazi ambaye watoto hulala kwa mwenzake kwa sababu tu ya zamu. Kama mtoto yuko na mzazi huyo siku nyingi zaidi lakini usiku mchache kwa ajili ya kazi ya usiku, mzazi huyo wa zamu ndiye anayehesabiwa kuishi na mtoto, na kwa siku za shule wanaangalia anwani iliyoandikishwa shuleni. Wewe huihitaji kanuni hiyo maana usiku unakutosha. Lakini nimeona kina mama wakiachia watoto wao kwenye kodi kwa sababu ya hoja hiyo hiyo ya "wewe usiku hupo", wakati sheria ilishawafikiria.

Kuhusu watoto kuwa wa baba, sitabishana na wazee wako. Usemi huo una mahali pake, kwenye mahari, kwenye matanga, kwenye jina la ukoo. Kwenye ritani ya kodi hauna mstari. Matunzo nayo, awe analipa dola 200 au 1,200, hayampunguzii kodi yake, na wewe ukiyapokea si kipato chako cha kutangaza.

Sasa pesa, kwa sababu watu hugombana bila kujua wanagombania nini. Wengi wanadhani mtoto kwenye kodi ni kitu kimoja, akimwandika huyu yule amekosa vyote. Ni vitu kadhaa, na havitembei pamoja.

Kuna nafuu ya mtoto, dola 2,200 kwa mwaka 2025 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17 mwenye namba ya Social Security. Hiyo peke yake ndiyo mzazi anayeishi na mtoto anaweza kumwachia mwenzake kwa kusaini 8332. Halafu kuna hadhi ya mkuu wa kaya, ambayo mwaka 2025 inakupa makato ya kawaida, ile sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, ya dola 23,625 badala ya 15,750 za mtu asiye na ndoa wala mtoto. Kuna EITC, ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo, ambayo kwa watoto wawili inafika hadi dola 7,152. Kwa kipato chako cha 38,000, ukipiga hesabu inakuja takriban dola 4,000. Na kuna nafuu ya gharama za kulea mtoto wakati uko kazini, kama ulimlipa mtu. Hivi vitatu haviachiwi kwa fomu yoyote. Jaji hawezi kumpa baba, wewe mwenyewe huwezi kumpa hata ukitaka. Ni vya aliyeishi na watoto zaidi ya nusu mwaka, na kwa ukuu wa kaya, aliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba hiyo. Kodi ya nyumba unailipa peke yako, umeshafuzu.

Kwa hiyo ikiwa baba watoto amejiandika mkuu wa kaya na amechukua EITC kwa watoto hao, amekosea kote kuwili, na hakuna saini yako inayoweza kumwokoa. Huyo ndugu wa sebuleni alitakiwa kumuuliza watoto wanaishi wapi kabla ya kuandika. Anayelipwa kutengeneza ritani yenye nafuu hizi anajaza fomu 8867 akithibitisha kwamba aliuliza, na anasaini ritani kwa namba yake ya utambulisho. Kama jina lake halimo kwenye ritani, ametengeneza kodi ya mtu kisha akajificha, na barua zikija zitamkuta baba watoto peke yake.

Sasa nije upande wako, mwanangu, maana kuna mahali hujaniuliza na lazima nikuambie. Hukumu inasema mtoto wa kiume ataandikwa na baba yake. Hilo ulikubali mbele ya mahakama. IRS haisomi hukumu. Kwa talaka yoyote ya baada ya 2008 hata ukiiambatanisha hawaipokei badala ya fomu 8332. Ndiyo maana baba watoto asipokuwa na saini yako hana kitu kwao. Lakini mahakama ya familia ya Texas inaisoma hukumu yake vizuri sana, na anaweza kukurudisha kwa jaji kwamba umekaidi. Kuwa na haki mbele ya IRS hakukuondolei deni mbele ya jaji.

Kila kitu kinategemea ile "ilimradi". Usibahatishe kwa kumbukumbu ya miezi aliyoruka. Matunzo ya Texas kwa kawaida hupitia kwenye mfumo wa jimbo na kila senti ina tarehe. Ingia kwenye akaunti yako ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kitengo cha matunzo ya watoto, chapa historia ya malipo hadi tarehe 31 Desemba 2025. Kama siku hiyo alikuwa anadaiwa, kwa mwaka huo hulazimiki kusaini, mwandike mtoto wa kiume na nafuu yake yote, na karatasi hiyo uitunze. Kama alikuwa amelipa, saini. Saini fomu mpya, ya mtoto wa kiume peke yake, sehemu ya kwanza, mwaka 2025 tu. Mwakani akilipa, utasaini nyingine. Ile sehemu ya pili ukishaisaini kuitengua ni kazi: unajaza sehemu ya tatu, unampa nakala, na kutengua kwenyewe kunaanza kazi kwenye kodi ya mwaka unaofuata ule uliompa taarifa. Najua wapo wanaosema saini ya kila mwaka ni usumbufu. Kwa mtu mwenye historia ya kuruka miezi, usumbufu huo ndio kinga yako.

Na hata ukisaini, mtoto wa kiume usimfute kwenye ritani yako. Hapa ndipo wengi wanapoteza maelfu. Unamwingiza kama kawaida, programu itakuuliza kama umemwachia mzazi mwenzako kwa 8332, unajibu ndiyo, na yenyewe itaondoa zile 2,200 na kukuachia EITC ya watoto wawili na ukuu wa kaya. Ukimfuta, umeachia vyote, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Kufaili kwenyewe: kukataliwa kwa ritani yako hakumaanishi kwamba umekosa haki. Kompyuta inampokea wa kwanza kufika, haijui nani mkweli. Ingia kwenye akaunti yako ya IRS mtandaoni uombe namba ya siri ya utambulisho, IP PIN, ya tarakimu sita. Tangu msimu wa 2025, ritani yenye namba hiyo ya mwenye ritani inapokelewa kwa mtandao hata kama mtoto ameshaandikwa na mtu mwingine. Ukishindwa kuipata, chapa ritani, saini, itume kwa posta yenye risiti. Fanya kabla ya tarehe 15 Aprili. Na ushukuru uko Texas, jimbo halina kodi ya kipato. Mwenzio wa Minnesota angekuwa na ritani ya pili ya kugombania.

Baada ya miezi, mnaweza kuletewa nyote wawili barua inayoitwa CP87A. Haimtaji mtu. Inasema mtoto huyu ameandikwa kwenye ritani mbili, aliyekosea asahihishe kwa fomu 1040-X. Wewe uliye sahihi hujibu kitu, unaihifadhi. Asiposahihisha yeyote, ndipo wanapoomba ushahidi, na hapo makaratasi yako yawe tayari. Nenda shuleni leo, usingoje barua. Omba barua yenye nembo ya shule, jina la mtoto, jina lako, anwani yenu na tarehe. Ziwe za miaka miwili ya shule, ule wa 2024–2025 na ule wa 2025–2026, kwa sababu mwaka wa kodi unaanza Januari na wa shule unaanza Agosti, na barua ya mwaka mmoja wa shule inafunika nusu tu. Daktari wa watoto naye akupe rekodi zenye anwani hiyo hiyo. Mkataba wa nyumba unaowataja watoto ni dhahabu. Barua ya mdogo wako weka, lakini ya ndugu peke yake haina uzito mkubwa, iende na ya shule.

Atafungwa? Kufaili ritani yako ya kweli si kumshtaki mtu. Unaandika maisha yako yalivyokuwa mwaka 2025, na kulinganisha ritani mbili ni kazi ya IRS. Mambo ya namna hii kwa kawaida yanakwenda kwa barua: arudishe alichochukua pamoja na riba, wakati mwingine na faini. Wakiona alipuuza sheria makusudi, wanaweza kumfungia nafuu hizi miaka miwili, na ikithibitika ni udanganyifu, kumi. Suala la uraia ndilo la kumwambia kwa upole, kwa sababu kwenye maombi ya uraia wanauliza habari za kodi. Akisahihisha mwenyewe sasa, anakwenda kwenye usaili na 1040-X mkononi. Akisubiri mpaka ikaguliwe, anakwenda na kesi. Wazee wako kama wanamtakia mema wamwambie hilo, na amuone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya siku ya usaili.

Ya 2024 haijapotea. Una miaka mitatu kusahihisha, maana yake hadi tarehe 15 Aprili 2028 kwa ritani iliyofailiwa kwa wakati. Hesabu usiku wa 2024 upya, usichukue hesabu ya 2025, na angalia malipo yake ya matunzo hadi Desemba ya mwaka huo. Nafuu ya mtoto mwaka huo ilikuwa dola 2,000. Maliza kwanza ya 2025, ikishapokelewa ndipo urudi nyuma, na usiifanye peke yako. Vituo vya VITA vinatengeneza kodi bure kwa watu wa kipato chako, na mgogoro ukikomaa kuna zahanati za kisheria za walipakodi wa kipato kidogo, zinajulikana kama LITC, ambazo zitakusimamia mbele ya IRS bure au kwa ada ndogo. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani, usiogope.

Kwa mwakani, unaweza kuwaombea watoto nao IP PIN. Mtoto akiwa nayo, hakuna atakayemwandika kwa mtandao bila namba hiyo. Ukishaichukua kumbuka kumpa baba yao namba ya mtoto wa kiume ule mwaka anaostahili, la sivyo utakuwa umemzuia kwa mlango wa nyuma na jaji atakuuliza.

Na mama wa Tanga, hapana. Mzazi anaweza kuandikwa hata kama hamkai nyumba moja, lakini lazima awe raia wa Marekani au mkaazi wa Marekani, Canada au Mexico. Dola 300 za kila mwezi ni wema wako, endelea kumtumia. Huyo ndugu aliyekushauri umwandike, chukua karatasi zako zote zilizoko kwake, na namba za Social Security za watoto mwambie azifute kwenye simu yake mbele yako.